Edwyn Collins au Roddy Frame: ukitaka kuingia indi pop ya Uskoti uanze na yupi?

Kuna mtu kaniuliza juzi. Kasikia "A Girl Like You" redioni, kaipenda, anataka kujua huyu Edwyn Collins ni nani, ana nini kingine, na je ni kweli wanavyosema kwamba Roddy Frame ndo mtunzi mkali zaidi kuliko yeye. Nilimjibu kwa voisi noti ya dakika saba na bado sikumaliza, kwaiyo naliandika vizuri hapa maana hawa wawili nimeishi nao miaka mingi na swali la uanze na yupi nalichukulia serious kabisa, mtu akianzia albamu isiyo yake anafunga mlango na harudi tena.

Kwanza ujue wametoka nyumba moja. Glasgow, mwaka 1980, jamaa anaitwa Alan Horne anaendesha Postcard, lebo ndogo ya kujitegemea (hapo ndo linapotoka neno indi), kutoka kwenye fleti yake, West Princes Street namba 185. Nembo yao paka anapiga ngoma, na kauli mbiu yao ilikuwa kwamba hii ndo sauti ya Uskoti ya vijana, wameichukua ile ya Motown, lebo ya soul ya Marekani, wakatoa Marekani wakaweka kwao. Bendi ya kwanza pale ilikuwa Orange Juice ya Edwyn. Edwyn kazaliwa Edinburgh 1959, utoto kapitia Dundee, halafu akiwa kijana akahamia upande wa Glasgow ambako alikutana na wenzake wakaanza na jina la Nu-Sonics kabla hawajawa Orange Juice. Roddy yeye ni wa 1964, mtoto wa East Kilbride, mji mpya uliojengwa kusini ya Glasgow baada ya vita, na alipounda bendi yake, Aztec Camera, alikuwa na miaka kumi na sita. Singo zake mbili za Postcard zilitoka 1981, yani ana miaka kumi na saba na anaandika mashairi ambayo mtu wa arobaini angejivunia. Mwaka huohuo lebo ikafa. Ilidumu muda mfupi hivyo, ila bendi ngapi za gita zilizokuja baadaye zimekula kwenye sahani ile!

Ukumbuke pia kipindi chenyewe. Panki ilikuwa imetoka kupiga kelele, kila mtu anataka kuonekana mgumu, hawa vijana wanakuja na magita masafi yasiyo na mikwaruzo, nyimbo za mapenzi, aibu usoni, nywele zimeangukia machoni. Ilihitaji moyo kusimama jukwaani hivyo Glasgow ya wakati ule.

Sasa tuanze na sauti manake hapa ndo watu wengi wanaamua bila hata kujua wameamua. Sauti ya Edwyn ni nzito, inatoka chini kifuani, na enzi za ujana ilikuwa inayumba, anaifukuzia noti, mara anaifikia mara inampita kidogo. Kuna watu hawaiwezi, na mimi siwalaumu. Kipimo changu ni kimoja, kwenye albamu ya kwanza ya Orange Juice, You Can't Hide Your Love Forever ya 1982, kaimba "L.O.V.E. Love" ya Al Green. Yani kijana mweupe wa Uskoti asiye na koo la soul kaamua kuimba wimbo wa mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa soul, na anaimba kwa moyo wake wote bila kujifanya. Ukiisikiliza ile ukajikuta unatabasamu na unampenda, we ni mtu wa Edwyn, usisumbuke kusoma zaidi. Ukiona masikio yanakataa basi nenda kwa Roddy. Roddy sauti yake laini, iko juu zaidi, safi, haikupi kazi, unaweza kuiweka sebuleni wageni wakiwepo na hakuna atakayeuliza ni nani huyo.

Kwenye gita wanaachana kabisa. Edwyn ni mtu wa ridhimu, mkono wa kulia unakatakata kama ule wa Nile Rodgers wa bendi ya disko ya Chic, huku kichwani ana Velvet Underground, bendi ya roki ya New York, na kuchanganya vitu hivyo viwili miaka ile lilikuwa wazo geni kwelikweli. Roddy ni mpiga gita wa vidole, anajua jazz, anajua mambo ya Kihispania, anashika nyuzi kwa namna ambazo ukijaribu kuzifuata nyumbani vidole vinagoma. Sikiliza "Oblivious" kwenye High Land, Hard Rain ya 1983. Ridhimu ni ya kuchezeka, watu wanaitikia nyuma, halafu katikati badala ya solo ya gita la umeme kama wengine wote anaingia na gita kavu, noti zinamwagika moja moja, kila moja imesimama peke yake kama shanga kwenye uzi. Alikuwa na miaka kumi na tisa albamu ilipotoka. Kwa sisi tuliokulia kwenye nyumba yenye kanda za dansi, ambako mzee anakuuliza "umemsikia huyo wa solo?", Roddy anaingia haraka zaidi, sikio limeshazoea kufuata gita linaloongea.

Ila tusimdharau Edwyn kwenye upande wa sauti za vyombo, manake "Rip It Up" ya 1983 ni kitu kingine. Inaanza na besi ya mashine ya Roland TB-303, inadunda kama mpira wa raba, hii ni ile mashine ambayo miaka kadhaa baadaye vijana wa Chicago waliijengea muziki wao wa dansi unaoitwa acid house, na "Rip It Up" ni moja ya nyimbo za kwanza kabisa kuipeleka kwenye chati za Uingereza. Ilifika namba 8, na ndo wimbo pekee wa Orange Juice ulioingia arobaini bora. Kuna sehemu Edwyn anautaja wimbo wa bendi ya panki ya Buzzcocks anaoupenda halafu papohapo linaingia solo la noti mbili tu, mbili, zinarudiwarudiwa, kama lile la Buzzcocks wenyewe. Mimi nimeusikiliza huu wimbo mara nyingi sana na bado pale huwa nanyamaza.

Na dramu unazosikia pale anapiga Zeke Manyika, mzaliwa wa Zimbabwe, aliingia bendi baada ya ile ya kwanza kuvunjika. Albamu yenyewe, nayo inaitwa Rip It Up, ina wimbo "Hokoyo", neno la Kishona, maana yake jihadhari, na sauti ya Zeke iko mbele kabisa. Watu wakihadithia historia ya indi ya Uskoti hii sehemu wanaipita mbio na inaniuma, kwa sababu bila huyu bwana Orange Juice wangebaki bendi ya kupendwa na wachache wa Glasgow. Yeye ndo aliyewapa kiuno.

Kwaiyo ukitaka kucheza, Edwyn wa 1982 mpaka 1984. Ukitaka kukaa chini na kufuata maneno na vidole, Roddy wa kipindi hichohicho.

Kuhusu kampuni kubwa na hiti, hapa maisha yao yanapishana kwa namna ya ajabu. Roddy alipanda haraka. Kutoka lebo ndogo ya Rough Trade kwenda kampuni kubwa ya WEA, albamu ya pili Knife ya 1984 prodyuza ni Mark Knopfler wa Dire Straits, nyimbo nane tu na ule wa mwisho ni wa kama dakika tisa. Mimi Knife naiheshimu zaidi kuliko ninavyoipenda, imepigwa pasi mno. Halafu Love ya 1987, kaenda Marekani, kachukua maprodyuza wa kule, sauti imekuwa ya R&B ya wakati ule, dramu kubwa, vinanda vinang'aa, na kutoka humo ikatoka "Somewhere in My Heart" iliyofika namba 3 Uingereza mwaka 1988. Wapenzi wa zamani wengi walinuna. Mi sinuni, ule wimbo ni mzuri, ila usianze na albamu nzima ya Love manake utadhani Roddy ni mwimbaji wa pop wa miaka ya themanini kama wengine, utamkosa. Stray ya 1990 ina "Good Morning Britain" akiwa na Mick Jones wa The Clash, Dreamland ya 1993 kashirikiana na Ryuichi Sakamoto wa Japani, Frestonia ya 1995 ndo ikawa mwisho wa jina la Aztec Camera, jina ambalo kufikia hapo lilishabaki kuwa yeye na watu wa kukodi.

Edwyn yeye alishuka kwanza. Orange Juice waliishia Januari 1985 jukwaani Brixton Academy, kwenye shoo ya kuwachangia wachimba makaa ya mawe waliokuwa kwenye mgomo. Albamu zake mbili za kwanza za peke yake, 1989 na 1990, hazikufika mbali. Akawa anafanya uprodyuza, anakusanya mitambo ya zamani, anajenga studio yake London, na humo humo ndo kikazaliwa Gorgeous George ya 1994 yenye "A Girl Like You". Mara ya kwanza Uingereza haikuitikia vizuri, nchi nyingine zikaipokea, ikarudishwa tena 1995 ikafika namba 4, na Marekani namba 32. Miaka kumi na mbili tangu hiti yake ya mwisho! Paul Cook wa Sex Pistols yumo humo. Na kitu ninachokiheshimu zaidi ya hizo namba zote ni kwamba wimbo ulikuwa mali yake, hakuuuza. Kuna mtandao mmoja mkubwa ulimzuia kuuweka kwenye ukurasa wake mwenyewe kwa madai kwamba si wake, mkewe Grace Maxwell ambaye pia ndiye meneja wake akasimama nao mpaka kieleweke.

Ukitaka kulinganisha kazi zao kwa hesabu, Roddy ana albamu sita za Aztec Camera na kwa jina lake nne, The North Star ya 1998, Surf ya 2002, Western Skies ya 2006 na Seven Dials ya 2014. Edwyn ana Orange Juice kama nne (Texas Fever ni fupi) na za peke yake kumi, ya mwisho hapo ni Nation Shall Speak Unto Nation ya 2025. Roddy anakaa miaka minane kimya halafu anatoa kitu kilichokamilika. Edwyn hakai kimya, hata pale ambapo kila mtu angeelewa kama angekaa.

Hapa nisimame kidogo.

Februari 2005 Edwyn alipata kiharusi, damu ilivuja kwenye ubongo mara mbili ndani ya siku chache. Upande wa kulia ukapooza, maneno yakaondoka. Kwa muda mrefu alikuwa na vitu vinne tu anavyoweza kutamka: ndiyo, hapana, jina la mkewe, na sentensi moja ya ajabu kwamba yanayowezekana hayana mwisho. Mimi hii sikuisoma kama habari ya msanii. Baba yangu mdogo alipata kiharusi, na karibu mwaka mzima neno lake lilikuwa moja, "sawa". Ukimuuliza ana njaa, sawa. Ukimuuliza anaumwa wapi, sawa, na unaona machoni kabisa kwamba siyo hilo alilotaka kusema. Ila siku moja shangazi kaanza tenzi ya kanisani wakati anamwogesha, na yeye akaunganisha mstari mzima, maneno yote yamenyooka. Tulisimama mlangoni tunatazamana. Ndo nikaja kujua kwamba Edwyn naye yuko hivyohivyo, kuongea kunamchosha na maneno yanamkimbia ila kuimba kunatoka.

Mkono wa kulia haukurudi kwenye gita. Alichofanya ni kukamata nyuzi kwa mkono wa kushoto kwenye shingo ya gita na mtu mwingine, Grace mara nyingine, anapitisha mkono kwenye nyuzi upande wa pili. Watu wawili gita moja. Kabla ya kuugua alikuwa pia mchoraji wa ndege, na alichora upya kwa mkono wa kushoto, bata mwitu yuleyule kila siku, wa kwanza wamepinda mistari inatetemeka, halafu taratibu anakuwa bata. Aliporudi jukwaani 2007, unajua nani alikuwa anapiga gita pembeni yake? Roddy Frame. Yule mdogo wa Postcard kaja kuwa mkono wa kulia wa kaka mkubwa. Na Seven Dials ya Roddy ilivyotoka 2014 ilitoka kwenye AED, lebo ambayo Edwyn na wenzake waliianzisha. Kwaiyo ukiona watu wanabishana nani zaidi, wenyewe hawana ugomvi huo.

Losing Sleep ya 2010 ndo albamu ya kwanza aliyoitunga baada ya ugonjwa. Mashairi yamekuwa mafupi kwa sababu maneno ni machache, na ufupi umeyapa nguvu, hakuna pa kujificha. Orange Juice walikuwa na maneno ya kijanja mengi, huyu wa sasa anakwambia anaogopa, anakwambia hapati usingizi, basi. Wageni wamejaa humo, Johnny Marr, Alex Kapranos na Nick McCarthy wa Franz Ferdinand, Ryan Jarman wa The Cribs, hawa wadogo ambao magita yao yalitoka kwake. Baada ya hapo Understated ya 2013, halafu yeye na Grace wakahama London moja kwa moja kwenda Helmsdale, kijiji cha pwani kaskazini ya mbali Uskoti ambako ukoo wake una mizizi, wakajenga studio mlimani inaangalia bahari. Badbea ya 2019 imepewa jina la kijiji kilichokufa jirani na hapo, watu waliofukuzwa kwenye ardhi yao kupisha kondoo wakaenda kuishi ukingoni mwa majabali, na inasimuliwa kwamba walikuwa wanawafunga watoto kamba wasije wakapeperushwa na upepo wakaangukia baharini. Albamu yenye jina hilo unaisikiliza tofauti ukishajua.

Haya sasa nichague, niseme wazi.

Kama we ni mpiga gita, au mtu wa kufuata mashairi neno kwa neno, anza na Roddy, High Land, Hard Rain, nyimbo kumi, usiruke hata mmoja, na usiku mmoja weka Surf ya 2002. Surf ni yeye na gita tu, karekodi nyumbani, na ukivaa hedifoni unasikia vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi kabla ya noti. Ni albamu ya mtu aliyeachwa na anajaribu kuwa muungwana kuhusu jambo hilo. Kama umeachwa hivi karibuni subiri kidogo kwanza, nasema kwa nia njema.

Kama we ni mtu wa kupenda sauti yenye makovu, na unataka msanii ambaye kazi yake ya miaka arobaini unaweza kuifuata kama maisha ya ndugu yako, nenda kwa Edwyn. Ila usiingilie kwa "A Girl Like You". Najua ndo iliyokuleta, lakini hakuna nyingine inayofanana nayo, utapekua Gorgeous George nzima unatafuta pacha wake na hayupo. Ingia kwa "Rip It Up" wimbo, kisha You Can't Hide Your Love Forever, ukishamjua alivyokuwa na maneno mengi ruka moja kwa moja mpaka Losing Sleep. Utasikia kilichopotea na kilichobaki, na nyimbo za katikati utazirudia baadaye kwa raha zako.

Mimi mwenyewe? Roddy ni mtunzi bora zaidi, wimbo kwa wimbo, silifichi hilo. Lakini albamu ninazorudia ni za Edwyn. Roddy akikosea anakosea kwa kuwa nadhifu mno, Edwyn akikosea anakosea kwa kujaribu kitu, na kosa la pili mi nalivumilia.

Bando likiwa dogo na unataka wimbo mmoja tu wa kuamulia, tafuta "All My Days" kwenye Losing Sleep. Wako wote wawili humo. Usikilize mara ya kwanza kwa ajili ya sauti, inayoenda polepole na kuweka kila neno mahali pake. Halafu urudie ukifuata gita tu.